Picha inaonyesha kijani, mzee anasema kimeisha: nani mkweli Isyesye?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkazi wa Isyesye hapa Mbeya. Juzi nimefungua Google Earth kwenye kompyuta nikarudisha picha za mtaa wetu nyuma mpaka zile za zamani kabisa. Zamani eneo lote lilikuwa kahawia tupu. Leo nyumba zimejaa, lakini katikati yake miti imetapakaa, yaani kijani kimeongezeka. Mzee aliyetuuzia viwanja anasema kinyume: tumekuja kumaliza uoto wote, kijito cha bondeni kinakauka kiangazi, na mvua zikija tope linaingia mpaka sebuleni. Nilipomwonyesha picha alicheka. Nani mkweli? Na je, mji ukikua ni lazima kijani kiishe? Kuna eneo la wazi karibu na kwetu, watu wameshaanza kumwaga mawe.

Jibu: Marahaba. Picha haisemi uongo, lakini mzee anajua zaidi ya picha. Nianze na picha, maana ndiyo iliyokuchanganya.

Rudi uangalie tarehe ya ile picha ya zamani, huwa imeandikwa hapo hapo kwenye programu. Sijaiona, ila nabashiri ni ya kati ya Juni na Oktoba. Mvua za Mbeya zinaanza Novemba na kwenda mpaka Aprili, mwaka mwingine zinagusa Mei, na miezi hiyo mawingu hayaondoki juu ya Loleza wala upande wa Uporoto. Satelaiti ikipita inapiga picha ya mawingu. Picha safi zinapatikana kiangazi, na kiangazi shamba la mahindi la mzee lilikuwa limeshavunwa, mabua yameliwa na ng'ombe, udongo uko wazi unasubiri jembe. Shamba lile lile mwezi wa pili lilikuwa kijani kutoka mpaka hadi mpaka: mahindi, maharage katikati ya mistari, maboga yakitambaa pembeni, mabingobingo kwenye makingo ya kuzuia udongo. Mzee analikumbuka hilo, na anakumbuka na miezi ambayo hakuna picha.

Sasa angalia ya leo, ambayo nayo ni ya kiangazi. Uani kwako kuna parachichi, pengine mpera, migomba miwili karibu na bomba, ua wa michongoma. Miti hiyo haipukutishi majani Agosti, na migomba inakunywa maji ya kufulia. Umelinganisha shamba lililokwisha kuvunwa na uani unaomwagiliwa. Hapo uani lazima ushinde.

Sisi tunaofanya kazi ya kusoma picha hizi tuna kipimo cha kusaidia macho. Jani hai hufyonza mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, na hurudisha juu mwanga wa infraredi ambao jicho la binadamu halioni. Satelaiti hupima yote mawili. Unachukua infraredi unatoa mwekundu, kisha unagawa kwa jumla ya viwili hivyo; jibu haliwezi kuzidi 1 wala kushuka chini ya -1. Mti wenye afya huvuka 0.6, udongo mtupu huwa karibu na 0.1 au 0.2, bati huwa jirani na sifuri. Kipimo kizuri sana, na kimetumika dunia nzima tangu satelaiti za Landsat zianze kuruka mwaka 1972. Tangu 2008 picha zake zinapatikana bure, na kwa hiyo mwanafunzi yeyote mwenye kompyuta na bando anaweza kuandika tasnifu juu ya kijani cha mji wake.

Ila kipimo hicho hakijui tofauti kati ya mahindi ya mwezi wa tatu, mikaratusi, msitu wa asili na mchongoma wa jirani yako. Vyote ni kijani. Tena nukta moja ya Landsat, kwa satelaiti zilizoanza miaka ya themanini mpaka leo, ni mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900, ambazo ni viwanja viwili vya ishirini kwa ishirini na chenji. Ndani ya nukta moja kuna nyumba mbili, parachichi, karo, na njia ya bajaji, halafu kompyuta inalazimika kutoa jibu moja. Sentinel-2 za Ulaya, zilizoanza kuruka 2015, zina nukta za mita 10, afadhali sana, lakini hazina picha za enzi za mzee wako. Ukisoma taarifa inayosema mji fulani umepoteza asilimia fulani ya kijani, uliza kwanza: picha za mwezi gani, na kijani gani?

Hapo ndipo swali lako lilipo hasa. Mji ukikua, kijani hakiishi kama mshumaa. Kinabadilisha mahali, aina na mwenyewe. Kinatoka kwenye mashamba, mabonde na vilima ambako kila mtu alipita, kinaingia ndani ya fensi. Kwa kipimo cha satelaiti ni sawa tu, pengine hata kimeongezeka. Kwa kijito, kwa watoto wanaotafuta pa kuchezea mpira, na kwa aliyejenga chini yako, si sawa hata kidogo.

Hesabu ya watu uijue pia, maana ndiyo inayosukuma yote haya. Sensa ya 2002 ilikuta watu 266,422 Jiji la Mbeya. Ya 2012 ikakuta 385,279. Ya 2022 ikakuta 541,603. Ndani ya miaka ishirini tumezidi mara mbili. Jiji lina kilomita za mraba 214, kwa hiyo ukigawa unapata kama watu 2,500 kwa kilomita moja, idadi ambayo kwa jiji si ya kutisha. Lakini ndani ya 214 hizo kuna milima ambako hakuna anayelala. Tumebanwa katikati ya safu ya Mbeya kaskazini na nyanda za Uporoto kusini, kwa hiyo mji umejinyoosha kufuata barabara ya TANZAM, ile kuu iendayo Zambia, kutoka Uyole mpaka unagusana na Mbalizi, ambayo kiutawala haimo hata jijini, imo Mbeya Vijijini. Anayepima kijani cha Mbeya akaishia kwenye mpaka wa jiji anapima nusu ya habari. Mashamba yanayogeuka viwanja kwa kasi sasa yako pembezoni, pande zote mbili za mpaka huo ambao mnunuzi wa kiwanja haujui wala haujali.

Mtaa una umri wake, na kijani chake kinapanda na kushuka kwa umri huo. Nimeyaona haya Mbeya na nimeyaona Iringa. Kwanza ni shamba. Halafu dalali anaingia, vinapigwa vijiti, misingi inachimbwa, mchanga na kokoto vinamwagwa kila kona. Miaka hiyo ndiyo ya kahawia kabisa, kiangazi na masika. Wenye nyumba wakishahamia wanapanda matunda na maua, na baada ya miaka kumi hivi mtaa unapendeza. Nadhani nyinyi wa Isyesye wengi mpo hapo. Kisha watoto wanakua, ada zinapanda, mwenye nyumba anaongeza vyumba vya wapangaji nyuma na frem mbili mbele. Parachichi linakatwa kwa sababu mizizi inapasua karo au majani yanaziba mfereji wa bati. Uani unawekwa pevingi ili gari lisilete tope. Tembea Mwanjelwa au Sinde uone mtaa uliofika huko. Kwa hiyo kijani ulichokiona kwenye picha kiko kileleni. Kila mti una mwenye nyumba mmoja mwenye panga, na uamuzi wake haujadiliwi na mtu.

Sasa kile kilichopotea ambacho picha haikukuonyesha. Chukua ekari moja ya mzee. Ekari ni mita za mraba 4,047. Ukikata viwanja kumi vya ishirini kwa ishirini umetumia 4,000, zimebaki 47. Hizo 47 ndizo barabara, mfereji, uwanja wa watoto na pa kupitishia bomba. Bila shaka mzee hakukata kumi kamili. Alikata tisa, au alipunguza kimoja kikawa kumi na tano kwa ishirini, akaacha kinjia. Lakini angalia mantiki ya biashara yenyewe: kila mita ya wazi ni hela ambayo muuzaji ameiacha mezani. Jirani yake naye akakata ekari yake kwa hesabu ile ile, na wa tatu naye vile vile, kila mmoja akitegemea kwamba eneo la wazi litatoka kwa mwingine. Mwenyekiti wa mtaa akashuhudia mikataba, akagonga muhuri. Hakuna aliyefanya uovu. Na hakuna aliyeacha hata pa kufunga turubai la msiba.

Urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila mpango, ukija baadaye, na Mbeya umepita mitaa mingi, unakuta nyumba zimesimama. Kamati ya wananchi inakaa na mpimaji, watu wanakubali kwa shingo upande kumega ukuta ili barabara ipite, kwa sababu barabara ina faida ya wazi: gari la maji taka, gari la zimamoto, thamani ya hati. Lakini nani atamega kiwanja chake ili iwe bustani? Sijaona mtaa ambako hilo lilikuwa jambo jepesi. Ndiyo maana nawaambia watu kwamba kijani cha pamoja kinaamuliwa kabla ya kijiti cha kwanza kupigwa, au hakiamuliwi tena.

Kilichobaki wazi katika mitaa kama hiyo ni bonde, kwa sababu kujenga huko ni shida. Shuka siku moja bonde lolote la Mbeya, tuseme la Mto Nzovwe, utaona kijani cha aina nyingine kabisa: mabingobingo ya ng'ombe wa maziwa, mianzi, magimbi penye unyevu, matuta ya chainizi, figiri na kabichi zinazokwenda sokoni asubuhi. Karibu na hapo kuna anayefyatua tofali kwa udongo wa bonde hilo hilo na kuzichoma kwenye tanuru kwa magogo ya mikaratusi. Pembeni kuna kifusi kimemwagwa na lori usiku, juu ya kifusi kuna msingi wa mawe, na ukutani kuna alama nyekundu ya X ambayo imeshaanza kufifia. Kijani cha bonde huliwa hivyo, kutoka ukingoni kuelekea kwenye maji, kifusi kwa kifusi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au chanzo cha maji zinazoweza kukiharibu. Mita 60 kila upande maana yake ni ukanda wa mita 120 na zaidi. Katika mabonde yetu membamba, ukanda huo unameza bonde lote na nyumba za pande mbili. Maofisa wanaijua sheria, wajenzi wanaijua, na kwa kuwa kuitekeleza kikamilifu kungebomoa mitaa mizima, mara nyingi haitekelezwi hata pale inapowezekana. Maoni yangu, na wapo wenzangu wa mazingira wasiokubaliana nami: mama anayelima chainizi bondeni bila kuchoma majani wala kupuliza dawa kando ya maji ni mlinzi bora kuliko bonde tupu lenye kibao. Bonde tupu linaonekana halina mwenyewe. Mama mwenye matuta atapiga kelele lori la kifusi likifika.

Iringa wana funzo hapa. Wahehe na majirani zao wana kilimo cha vinyungu, matuta ya mabondeni yanayolimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki, mahindi mabichi na mboga zikitoka wakati milimani kumekauka. Manispaa ya Iringa imekua kutoka watu 151,345 mwaka 2012 hadi 202,490 mwaka 2022, mji ukiwa juu ya tambarare yenye miamba na Mto Ruaha Mdogo ukipita chini yake. Ukikaa juu ya jiwe la Gangilonga jioni ukatazama chini, utaona mji wenye miti mingi kuliko unavyodhani ukiwa barabarani. Sehemu kubwa ya miti hiyo iko kwenye viwanja vikubwa vya enzi za ukoloni.

Na hilo nalo tuliseme. Kijani cha miji yetu kiligawanywa kwa rangi ya ngozi kabla hakijagawanywa kwa kipato. Mbeya ilianzishwa miaka ya 1920 wakati wa dhahabu ya Lupa, ikapangwa kama miji mingine ya Waingereza: Uzunguni viwanja vikubwa vyenye mijakaranda, Uhindini maduka, Majengo vyumba vilivyobanana. Majina yapo mpaka leo, na ukiyaweka juu ya ramani ya miti utaona mpaka ule ule. Sasa Uzunguni nako kunapungua kwa njia yake. Kiwanja kikubwa chenye nyumba moja ya zamani katikati ya mji ni kishawishi. Kinagawanywa, inajengwa lodji au ofisi, mijakaranda inapisha maegesho. Sipendi kuilaumu sana hali hii, kwa sababu kama hatutaki mji uendelee kula mashamba ya Uyole ni lazima ujengeke ndani na kwenda juu. Kinachouma ni kwamba tunafanya yote mawili kwa pamoja: tunabana katikati na tunatawanyika pembeni, na nyumba za pembeni zote ni za chini.

Turudi kwenye tope la mzee. Hapa Mbeya hoja ya miti haiwi ile ya Dar es Salaam ya joto. Mwezi wa saba hakuna anayelilia kivuli Uyole, tunalilia jua. Hoja yetu ni maji na udongo, kwa kuwa tunaishi kwenye miteremko. Piga hesabu ya bati lako. Mvua ya milimita 50, ambayo kwa masika yetu si ajabu, ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 200 inatoa lita 10,000. Hizo ni simtanki mbili za lita 5,000 zimejaa, kwa mvua moja, kwa nyumba moja. Ile ekari ya viwanja kumi inateremsha lita 100,000 kutoka kwenye mapaa peke yake, kabla hujagusa pevingi na barabara. Mvua hiyo hiyo ikinyesha kwenye shamba lenye mahindi na makingo, sehemu kubwa ingezama ardhini, nyingine ingetembea polepole kwenye majani.

Kukauka kwa kijito na kuingia kwa tope, ambavyo mzee amevitaja kama mambo mawili, ni jambo moja. Maji yaliyokuwa yanazama Februari ndiyo yaliyokuwa yanatoka kwenye chemchemi Septemba. Yakikimbia Februari juu ya bati na lami, huna cha kutoka Septemba. Ongeza visima vilivyochimbwa mtaani, ongeza mikaratusi iliyopandwa kando ya chemchemi na mtu aliyetaka nguzo za haraka, na kijito hakina namna. Halafu jiji linakwenda mbali kutafuta maji: mradi mkubwa wa sasa unayafuata Mto Kiwira, upande wa Rungwe.

Aprili 2024 mliona wenyewe tope lililoteremka kutoka Mlima Kawetire likafunika nyumba na shule kata ya Itezi. Sisemi nyumba ndizo zilizoporomosha mlima. Ulikuwa mwaka wa El Niño, ardhi imelewa maji kwa miezi. Ninachosema ni kwamba mteremko ukishalewa maji, kilichoko juu yake na kilicho chini yake ndivyo vinavyoamua kama itakuwa habari ya udongo au habari ya watu. Msitu wa kupandwa wa Kawetire, njia ya Chunya, uko chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu. Ukingo wake na wa hifadhi nyingine za milima yetu ndio mpaka wa kijani ambao serikali inaulinda kwa nguvu zaidi, na ndiyo maana kwenye picha za satelaiti milima imebaki kijani huku mabonde yakififia. Mtu akitazama mji kutoka mbali anaona milima na kusema Mbeya ina kijani kingi. Ni kweli, lakini hakiko pale mvua inapokutana na bati.

Kwa ufupi tu nitaje kijani tunachokula kwa mbali. Mkaa wa jikoni kwako unatoka kwenye miombo ya Chunya na kwingineko, mbao za kenchi pengine zimetoka Mufindi, tofali zimechomwa kwa magogo. Mji unaonekana umepanda miti uani na huku umekata mingine kilomita mia moja mbele. Picha ya Isyesye haiwezi kukuonyesha hilo.

Je, ni lazima kijani kiishe? Hapana. Ni lazima mashamba mengine yageuke nyumba. Watu nusu milioni hawawezi kulala hewani, na mzee naye alihitaji hela ya viwanja, tusimsahau hapo. Kisicho lazima ni kupoteza bonde, makingo na maeneo ya wazi. Ukiwa na uwezo wa jambo moja tu nyumbani, vuna maji ya bati na uache walau robo ya kiwanja bila pevingi. Kando ya kijito usipande mikaratusi. Mikuyu, mizambarau na mianzi vinakaa na maji vizuri. Barabara kuu inapanuliwa kuwa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, na miti ya kando lazima iondoke. Mkae macho mapema kuhusu nini kitapandwa na nani atakimwagilia kiangazi cha kwanza, maana mche wa barabarani unakufa kiangazi cha kwanza.

Kuhusu lile eneo la wazi lenye mawe, usianze na maandamano wala kikundi cha WhatsApp. Nenda ofisi ya ardhi ya jiji na namba ya kitalu chenu, uombe kuona mchoro wa mipango miji wa eneo hilo. Kwenye mchoro kila kipande kina matumizi yake. Kama pameandikwa eneo la wazi, chukua nakala na namba ya mchoro. Kama pameandikwa shule, zahanati au ibada, basi mlikuwa mnacheza mpira kwenye kiwanja cha mtu, na mazungumzo yenu ni mengine. Kama hapajapimwa kabisa, hakuna eneo la wazi, kuna shamba la mtu ambalo halijauzwa bado, na njia yenu ni kulinunua au kumwomba.

Likiwa kweli ni eneo la wazi, ombeni mpimaji aonyeshe bikoni zake, yaani alama za mipaka zilizosimikwa ardhini. Maeneo mengi yanaliwa kwa sababu mipaka yake ipo kwenye karatasi tu. Kisha litumieni: magoli mawili, miti pembezoni, benchi, siku maalumu ya usafi. Na anayemwaga mawe akisema amepewa kibali, kubadili matumizi ya ardhi chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007 kuna utaratibu wake, na tangazo kwa majirani ni sehemu yake. Mwombeni awaonyeshe tangazo na kibali chenyewe. Asipokuwa navyo, andikeni pingamizi kupitia mkutano wa mtaa, mwenyekiti asaini, liende kwa Mkurugenzi wa Jiji na nakala kwa afisa ardhi, na nakala yenu irudi imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Fanyeni hivyo kabla msingi haujatoka ardhini. Ukuta ukishafika usawa wa dirisha, mnahamia kwenye kesi ya miaka.